Mapigo Sita kwa Sekunde

Sisi tuliokulia Kolwezi, huku Kongo, tunaijua mitikisiko tangu tumboni. Mgodi ukilipua mwamba mchana, nyumba hupokea pigo moja zito kutoka chini, masufuria hugongana mara moja, kisha kimya. Lori la madini likielekea mpakani Kasumbalesa hutetemesha dirisha kwa muda mrefu: kwanza kwa mbali, halafu karibu, halafu linakwenda zake na tetemeko lake. Jenereta ya jirani, ile tunayoiita grupu, huchora viduara vidogo kwenye maji ya ndoo usiku kucha mpaka umeme urudi. Bibi yangu alikuwa akilala chali, macho ameyafumba, anatutajia: "Ule mgodi. Ile kamio. Ile grupu ya jirani, mafuta iko karibu kuisha." Sikumbuki akikosea, na hakuwa na haja ya kwenda dirishani. Alikuwa akisikiliza hesabu ya mapigo tu.

Nimeanza na bibi, ingawa hadithi yenyewe ni ya gari, kwa kuwa gari hilo lilitibiwa kwa elimu ileile ya bibi.

Mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa na Kolwezi ikawa makao makuu ya jimbo jipya la Lualaba, mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na mjomba wangu alikuwa amepatwa na wazimu. Alikwenda Kitwe, upande wa Zambia, kununua pikapu ya kubebea mahindi, akarudi na Datsun 240Z ya mwaka 1972. Rangi ya chungwa iliyopauka, usukani upande wa kulia, boneti ndefu kama mamba aliyelaza kidevu mchangani, na viti viwili tu. Mama alilizunguka gari zima, akachungulia nyuma ya viti, akauliza: "Na watoto banaikala wapi?" Mjomba akajifanya hakusikia.

Lakini wazimu wake ulikuwa na sababu. Katika Safari Rally, yale mashindano ya kupita matope na mawe ya Afrika Mashariki yaliyoanza mwaka 1953, Datsun 240Z ilishinda mara mbili. Mwaka 1971 iliendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda, na msoma ramani wake Lofty Drews. Mwaka huo Mehta alilingana pointi na Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun nyingine, ikabidi watafute kanuni ya kuwatenganisha. Mehta akapewa ushindi, na baadaye akaja kushinda tena miaka minne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Mjomba alikuwa na picha ya gari la 1973, ameikata kwenye gazeti, imejaa mikunjo. Alinionyesha mara nyingi mno, nami sikuchoka kuitazama.

Sasa gari lake mwenyewe lilikuwa limesimama mbele ya nyumba yetu, Manika, likitetemeka kama mgonjwa wa malaria.

Lilitetemeka zaidi likiwa kwenye ralanti, yaani injini inawaka lakini gari halijaondoka na mguu haujagusa mafuta. Kioo cha pembeni kilicheza hadi sura yako ikawa ukungu. Ukikanyaga mafuta kidogo, tetemeko likapungua. Ukiachia, likarudi. Majirani walikuja na tiba zao. Mmoja alisema ni kabureta. Wa pili alisema ni vali. Wa tatu, ambaye kaka yake alikuwa akiuza injini za mitumba, alisema kwa masikitiko makubwa kwamba injini imekufa.

Mjomba akamwita Papa Fundi. Jina lake silitaji, yeye mwenyewe hakupenda kutajwa. Alikuwa mzee aliyemaliza ujana wake chini ya malori ya mgodini, na vidole vyake vilikuwa na mistari myeusi isiyotoka kwa sabuni. Alifika kwa baiskeli, bila sanduku la vifaa. Mjomba akamletea spana zake. Papa Fundi akazisukuma pembeni kwa mguu.

"Banaanza na masikio," akasema. "Hapana na kle."

Akaomba bakuli la bati lenye maji nusu. Nikamletea. Akaliweka juu ya madigadi, boneti ikiwa wazi, akamwambia mjomba awashe. Maji hayakuchora viduara laini kama yale ya grupu. Yaliruka. Yalikuwa na kwikwi: yanatulia kidogo, yanaruka, yanatulia, yanaruka.

"Hesabu," akaniambia.

Sikuweza. Yalikuwa ya haraka mno. Akacheka, akanifundisha ujanja: "Sema Kolwezi, Kolwezi, haraka, kabla sekunde haijaisha." Jaribuni hapo mlipo. Ko-lwe-zi, Ko-lwe-zi: silabi sita. Maji yalikuwa yakienda karibu sawasawa na ulimi wangu.

Kumbe sita hiyo ilikuwa imeshataja ugonjwa. Sikilizeni ni kwa vipi.

Ndani ya injini ile kuna silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na ndani ya kila silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka. Kazi ya pistoni ina hatua nne: inavuta hewa na petroli, inabana, buji (wengine husema plagi) inatoa cheche na moto unaisukuma chini, kisha inatoa moshi. Katika hatua hizo nne, krankishafti, yaani ule mtaimbo unaozungushwa na pistoni zote, huzunguka mara mbili. Kwa hiyo kila silinda inapiga mara moja katika mizunguko miwili. Kwenye ralanti injini ile huzunguka kama mara 700 kwa dakika. Gawa kwa mbili: kila silinda inapiga mara 350 kwa dakika. Gawa kwa sekunde 60, unapata karibu sita.

Silinda zote sita zikifanya kazi, mapigo ni 35 kwa sekunde, na mkono wako hauwezi kuyatenganisha. Unasikia mnong'ono tu. Mmeshaona akina mama watatu wakitwanga sombe, yaani majani ya muhogo, kwenye kinu kimoja? Mchi huu ukipanda ule unashuka, na ukifumba macho unasikia ngoma moja. Sasa mmoja wao ainue mchi asiuangushe. Ngoma inapata shimo, na shimo hilo linarudi kila zamu yake inapofika. Ndiyo kwikwi tuliyoiona kwenye bakuli. Silinda moja ilikuwa inainua mchi bila kuuangusha.

Injini ya silinda sita kwa mstari haina haki ya kutetemeka. Pistoni ya kwanza hupanda pamoja na ya sita, ya pili pamoja na ya tano, ya tatu pamoja na ya nne, mbele na nyuma kama uso na kioo, na misukumo yao inafutana. Hata mpangilio wa moto wake umetawanywa makusudi: 1, 5, 3, 6, 2, 4, ili mapigo yasirundikane upande mmoja wa mtaimbo. Injini ya silinda nne ina katetemeko kake ka kuzaliwa, unakazoea. Ya silinda sita ikitikisika, kuna habari.

Ilibaki kujua ni silinda gani. Hapa Papa Fundi alifanya jambo ambalo nyinyi msilifanye: umeme wa buji unapita volti 20,000 na unaweza kukutupa chini. Akavaa glavu za mpira, akachukua koleo lenye mpini wa plastiki, akachomoa waya wa buji ya kwanza injini ikiwa inawaka. Injini ikazama, sauti ikawa nzito, bakuli likamwaga maji. Akaurudisha. Wa pili: ikazama. Wa tatu, wa nne: vilevile. Akachomoa wa tano.

Hakuna kilichobadilika. Sauti ileile, kwikwi ileile.

"Mwenye kulala halazwi tena," akasema, akamalizia wa sita kwa heshima tu.

Mjomba alikuwa tayari kukimbia sokoni anunue buji sita, nyaya sita na kila kitu kingine. Papa Fundi alimzuia kwa jicho. Ukibadilisha vyote mara moja, gari linaweza kupona, lakini utakuwa hujui lilikuwa linaumwa nini, na likiugua tena utanunua vyote tena. Yeye alihamisha kitu kimoja kimoja. Kwanza alipima ubanaji wa silinda zote kwa geji: namba zote sita zilikaribiana, kwa hiyo pistoni na vali hazikuwa na kosa, na mjomba akapumua kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha akaipeleka buji ya tano kwenye silinda ya pili, na ya pili akaileta ya tano. Kama buji ndiyo mbovu, ugonjwa ungehama nayo. Haukuhama. Akahamisha nyaya vivyo hivyo. Ugonjwa ukang'ang'ania palepale, nambari tano.

Kilichobaki ni delko, kile kikombe cheusi kinachogawa umeme, waya mmoja katikati na sita pembeni. Akakifungua, akaniita na tochi. Katika tundu la tano, pale ncha ya waya inapokaa, palikuwa na uji mkavu wa kijani.

Mtoto gani wa Lualaba hajui kijani kile? Ni kijani cha malakiti, mawe tunayoyaokota tangu tukiwa wadogo, mawe ambayo mababu wa Basanga waliyayeyusha kwa makaa katika tanuri za udongo wa kichuguu, wakatoa shaba ya kumimina misalaba ile ya Katanga iliyotumika kama fedha. Na si kufanana kwa rangi tu. Shaba ikikaa na unyevu na hewa kwa muda mrefu, inarudi polepole kuwa kitu cha jamii ya malakiti. Tundu lile lilikuwa la shaba ya manjano, ile ya kuchanganywa na zinki; mpira wa kulifunika ulikuwa umepasuka, mvua za Kitwe zimeingia, na chuma cha mtu kimeanza safari ya kurudi jiwe. Umeme hupita vizuri sana kwenye shaba. Kwenye malakiti haupiti.

Papa Fundi alizungushia msasa laini kwenye njiti ya kiberiti, akakwangua, akapuliza, akakwangua tena mpaka manjano ikang'aa. Alinipa ile poda ya kijani kwenye kipande cha karatasi. Mpira mpya wa kufunika waya aliukata kwenye bomba kuukuu la baiskeli yake.

Gari likawashwa. Bakuli likatulia, karibu.

Nimesema karibu. Kwikwi iliisha, lakini sasa ilionekana tetemeko la pili lililokuwa limejificha nyuma ya la kwanza, dogo, la haraka, kama la grupu. Mjomba alitaka tusherehekee hivyohivyo. Mimi nilishaambukizwa: niliyaona maji, nikasema bado.

Buji zote sita zilikuwa zimelazwa juu ya gazeti, zimepangwa kama wanafunzi paredi. Buji yenye afya ina rangi ya kahawia nyepesi. Zetu zilikuwa nyeusi kwa masizi, na tatu za nyuma zilikuwa nyeusi zaidi. Injini ile ina kabureta mbili, ya mbele inalisha silinda tatu na ya nyuma tatu nyingine. Kabureta zote mbili zilikuwa zinalisha petroli nyingi kuliko hewa. Papa Fundi alisema gari likipanda juu linabanwa na pumzi kama mtu. Kolwezi iko kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja katika saba. Kabureta haijui hilo. Inaendelea kumwaga petroli kwa kipimo ilichowekewa. Akaipunguza. Kisha akakata kipande cha bomba la petroli chenye urefu wa mkono, akaweka ncha moja sikioni mwake na nyingine kwenye koo la kabureta ya mbele, halafu ya nyuma. Akanipa nami. Ni kama kusikiliza nyoka wawili: mmoja anafoka kwa nguvu, mwingine kwa unyonge. Unazungusha skrubu robo kwa robo hadi wafoke sauti moja. Mpaka leo hiyo ndiyo kazi ya gari ninayoipenda kuliko zote.

Tetemeko likapungua. Halikuisha.

Siku ya pili alikuja na chaki. Puli ya mbele ya injini ile, inayokaa kwenye ncha ya krankishafti, ina vyuma viwili, cha ndani na cha nje, na kati yao mviringo wa mpira wa kumeza mitetemo. Mpira ukizeeka chuma cha nje huteleza. Alichora mstari mmoja wa chaki ukivuka vyuma vyote viwili, mjomba akaendesha hadi kwa mama mkwe wake na kurudi, tukaangalia: mstari ulikuwa haujakatika. Puli ikaachiwa huru.

Ndipo alipoweka jeki chini ya injini, juu yake kipande kinene cha ubao asije akabonyeza bakuli la oili, akainua taratibu. Injini haiketi moja kwa moja kwenye mwili wa gari. Imekalia mipira, upande huu na upande ule, inayoitwa huku silentibloki na kwingine mauntini. Upande wa kulia mpira ulivutika na kuinuka pamoja na injini. Upande wa kushoto, chini kabisa ya bomba la moshi, injini ilinyanyuka peke yake na mpira ukabaki chini, umeachana na bati lake. Niliweza kupitisha jani la muembe katikati. Miaka arobaini na tatu ya joto la ekzosi ilikuwa imeupika ukawa mgumu kama ukoko wa bukari, yaani ugali.

Spea ya gari lile haikupatikana Kolwezi wala Lubumbashi, na hapa hata Papa Fundi alikosea. Nasimulia kwa sababu alikosea vizuri. Alikata kipande kizuri cha mkanda mkuukuu wa kubebea mawe, ule mpira mzito wenye nyuzi ndani, akautoboa, akapitisha bolti moja ndefu kutoka juu hadi chini, akakaza. Kazi ilionekana imara kuliko ya kiwandani. Injini ilipowashwa, usukani ulitetemeka hadi meno ya mjomba yakagongana.

Papa Fundi alizima, akakaa juu ya ndoo, akatazama kazi yake kwa muda mrefu. Kisha akajipiga paji la uso. Mpira wa kiwandani una bati juu na bati chini, na kila bati lina bolti yake; katikati ni mpira mtupu, chuma hakigusi chuma. Yeye alikuwa amejenga daraja. Kwa nini tetemeko lihangaike kuvuka mto wa mpira wakati limewekewa bolti ya kupitia juu?

Mwishowe tulipata mpira mzima wa pikapu kuukuu huko Likasi. Haukutosha, lakini mchomeleaji mmoja aliutengenezea pembe ya chuma yenye matundu mapya. Tulipowasha, nililiweka bakuli mwenyewe. Maji yalibaki na ngozi laini, na ndani yake niliona matawi ya muembe na uso wa mama aliyekuja kuchungulia.

Jumapili mjomba alitupakia, mimi na Papa Fundi kiti kimoja, tukashika barabara ya Likasi. Gari lilinong'ona. Mjomba aliimba. Tulipofika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, usukani ukaanza kucheza mikononi mwake, na wimbo ukakatika.

Papa Fundi wala hakugeuza shingo. "Toa gia," akasema.

Mjomba akatoa gia. Injini ikashuka hadi kwenye ralanti, gari likaendelea kuteleza kwa mwendo wake, na tetemeko likabaki vilevile, likipungua tu kadiri gari lilivyopunguza mwendo. Mzee akanitazama, akangoja. Nikafikiri kwa haraka. Injini imeshuka, tetemeko halikushuka nayo. Linafuata barabara. Kilomita 80 kwa saa ni meta 22 kwa sekunde. Gurudumu lile likizunguka mara moja linakwenda kama meta mbili. Kwa hiyo mapigo kumi na moja kwa sekunde.

"Gurudumu," nikasema.

Tulisimama kabla ya Fungurume, chini ya mti, malori yakitupita na kutupa vumbi. Tulilala chali mimi na Papa Fundi, tukachungulia nyuma ya gurudumu la mbele la kushoto. Ndani ya rimu, upande usioonekana ukisimama, palikuwa na donge la udongo mwekundu la mvua iliyopita, limekauka, limeshika kama sementi, ukubwa wa andazi. Mzee alinipa bisibisi. Liliachia kwa kipande kimoja, likaniangukia kifuani.